Ukurasa Aliouandika Brienne

Watu zaidi ya milioni moja walitia saini mtandaoni mwaka 2019 wakitaka msimu wa nane wa tamthilia ya Game of Thrones urekodiwe upya, tena na waandishi wengine. Saini zilianza kumiminika hata kabla ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa Mei 19. Walikuwa na sababu. Kila mmoja wa misimu sita ya mwanzo ulikuwa na sehemu kumi; wa saba ukapewa saba, wa nane sita tu. Waandishi wake wakuu, David Benioff na D.B. Weiss, walibaki na mambo mengi ya kumaliza kuliko muda waliojipa, na haraka hiyo inaonekana waziwazi. Daenerys Targaryen, mkombozi wa watumwa wa miji mitatu, anateketeza jiji lililokwisha kusalimu amri, na mtazamaji hajaandaliwa vya kutosha kuliamini hilo. Kisha Bran Stark, ambaye msimu wa tano mzima hakuonekana hata mara moja, anapewa ufalme kwa hotuba ya Tyrion, mfungwa mwenye pingu mikononi.

Nimeitazama tena sehemu hiyo ya mwisho, na suala la Bran bado linaniudhi. Lakini safari hii nimeona jambo jingine: tamthilia hii inaanguka kila inapojitetea kwa maneno, na inasimama imara kila inapowaachia watu wafanye jambo kwa mikono yao, kimya.

Mtazame Tyrion akishuka chini ya kasri lililobomoka. Anauona mkono wa dhahabu wa kaka yake umechomoza kwenye kifusi, anaanza kuondoa matofali, moja baada ya jingine, mpaka nyuso za kaka huyo, Jaime, na dada yao, Malkia Cersei, zinatokea. Hakuna hotuba. Kuna kilio tu, na tofali analolipiga chini kwa uchungu. Peter Dinklage, anayemwigiza Tyrion, alipata tuzo yake ya nne ya Emmy mwaka huo, na aliistahili.

Kuna pia joka Drogon mbele ya maiti ya Daenerys, mama yake. Jon Snow, aliyemuua, anasubiri kuunguzwa; moto unakigeukia Kiti cha Chuma mpaka kinayeyuka. Wapo waliokejeli kwamba eti joka limeelewa siasa. Mimi naona inalingana na kisa: kiti hicho cha enzi Mfalme Aegon alikifua kwa moto wa joka, na kwa moto wa joka kinatoweka.

Hata hivyo, kinachonigusa zaidi ni Brienne. Sasa ni kamanda wa walinzi wa mfalme, na mbele yake kiko Kitabu Cheupe, ambamo huandikwa matendo ya kila mlinzi. Katika msimu wa nne, Mfalme Joffrey alikifungua kitabu hichohicho mbele ya Jaime, aliyekuwa mlinzi wake, mjomba wake machoni pa watu na baba yake kwa siri, akamcheka kwamba mtu alisahau kuandika matendo yake makuu. Jaime alijibu tu kwamba bado kuna wakati.

Brienne anaufungua ukurasa huo. Jaime ni mwanamume aliyempa cheo walichokuwa wakipewa wanaume peke yao, akalala naye, kisha akamwacha usiku uani Winterfell akilia, akamrudia Cersei. Brienne angeweza kuandika hayo, na yangekuwa kweli. Badala yake anachovya unyoya katika wino na kuandika kwamba Jaime alitwaa ngome bila kumwaga damu, kwamba alikwenda kaskazini kupigana upande wa walio hai. Anafika mwisho, anasita. Usoni pa mwigizaji wake, Gwendoline Christie, unaona kwamba anajua hasa Jaime alikufa wapi na akiwa amemkumbatia nani. Anaandika kwamba alikufa akimlinda malkia wake, kisha anafunga kitabu.

Hajadanganya hata kidogo, wala hajalipiza kisasi. Ile milioni iliyotaka msimu mzima uandikwe upya ilikuwa inataka, bila kukusudia, na ukurasa huu ufutwe. Mimi nisingetia saini.