Mwizi peke yake hafiki Malibu

Wandugu, tukizungumza juu ya wizi wa mali ya inchi, tunaishia kwa mwanasiasa tu. Ameiba, ameficha kule kwa wazungu, basi. Lakini mwanafunzi wa kwetu akiomba visa, anaombwa karatasi za banki zinazoonyesha feza yake. Sasa mamilioni yanaingiaje?

Nachukua kesi ya Guinea ya Ekweta, juu inajulikana mpaka ndani. Na inanigusa kidogo mimi agronome, kwa sababu mwenyewe alikuwa waziri wa kilimo na misitu: Teodoro Nguema Obiang Mangue, mtoto wa rais. Kwa hesabu ya wizara ya sheria ya Marekani, mshahara wake haukufika dola 100.000 kwa mwaka. Mwaka 2006 alinunua nyumba Malibu, California, kwa dola milioni 30. Ni mshahara wa miaka 300, bila kula.

Seneti ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2010 ikaeleza njia yote. Kati ya 2004 na 2008, zaidi ya dola milioni 100 ziliingia. Na banki hazikuwa zimelala zote: nyingi, zikijua konti ni yake, zilifunga. Njo hapo avoka anaingia. Avoka wawili wa California walimtengenezea sosiete za jina tu, zenye karatasi lakini bila biro wala mfanyakazi. Ile nyumba iliandikwa kwa Sweetwater Malibu. Kisha avoka anafungua konti kwa jina la sosiete, ao anapokea feza kwenye konti yake ya wateja, na banki inaona jina la avoka, haioni la waziri. Ikigundua, inafunga. Avoka anaenda kwa banki ingine. Kutengeneza sosiete ya namna ile hakukuwa kosa. Ilikuwa kazi ya kila siku, yenye bei yake.

Na komisionere wa nyumba? Sheria ya 2001 ilitaka biashara nyingi zichunge feza chafu, lakini mwaka 2002 wauza nyumba waliachiliwa « kwa muda ». Wakati Seneti inachunguza, ule muda ulikuwa haujaisha.

Kuna jambo moja ndani ya ripoti linanisimamisha kila mara. Akinunua ndege ya dola milioni 38,5, ofisi moja ya Oklahoma iliyopaswa kushika malipo iliuliza feza imetoka wapi. Haikupata jibu la kutosha, ikakataa. Ofisi ingine ikachukua kazi. Yule aliyeuliza alipoteza malipo yake, na ndege iliruka vilevile. Ndiyo maana sikubali wakisema ni shida ya roho ya mtu mmoja mmoja. Kama sheria haiwalazimishi wote kuuliza, mwenye kuuliza anapoteza mteja tu.

Wizara ya sheria ilipofungua kesi, iliishitaki mali yenyewe: moja ya kesi zile ina jina la glavu nyeupe ya Michael Jackson, si mchezo. Makubaliano yalifanyika 2014, nyumba ikauzwa, na mwaka 2021 dola milioni 26,6 zilitangazwa kwa chanjo na dawa za raia wa kule. Makubaliano yalikuwa na mtoto wa rais na mali yake. Malipo ya avoka na komisio ya mwenye kuuza hayakuguswa.

Kwetu RDC njia haina tofauti kubwa. Mwaka 2013, Africa Progress Panel ya Kofi Annan ilihesabu kwamba mikataba 5 ya madini, kati ya 2010 na 2012, ilipotezea inchi angalau dola milioni 1.360. Wanunuzi wengi walikuwa sosiete za visiwa vya Virgin vya Uingereza, ambako jina la mwenyewe halikuonekana. Kuna mtu aliziandikisha, akalipwa, akarudi nyumbani.

Wandugu wa droit, nijibuni hapa chini: siri ya avoka na mteja inafika wapi, kama avoka hatetei mtu mbele ya tribunali, anafungua konti tu?