Ziwa Mweru halihitaji rangi ya sumu

Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa katika Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ili samaki wazaliane. Hapo ndipo mwenye boti wa Nchelenge au Kashikishi hupata nafasi ya kuipandisha nchi kavu, kuikwangua na kuipaka rangi upya. Lakini miezi hiyo ni ya mvua katika Mkoa wa Luapula, na mvua husomba maganda ya rangi na kuyapeleka ziwani, wakati ule ule samaki wanapozaliana.

Ndiyo maana rangi ichaguliwe kwa makini. Rangi za kuzuia viumbe kuota chini ya chombo zilibuniwa kwa ajili ya bahari. Mabaharia wa pwani ya Waswahili walipaka matumbo ya majahazi shahamu na chokaa, kwani baharini wako wadudu watoboao mbao na viumbe wenye magamba wang'ang'aniao chombo. Viwanda vikaleta rangi za shaba, kisha za TBT, sumu yenye asili ya bati iliyoangamiza chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa mwaka 2001 na kuanza kutumika 2008.

Mweru ni maji baridi. Wadudu hao wa bahari hawamo. Kinachoota ni utelezi wa kijani, nao huondoka kwa brashi ngumu. Shaba, kinyume chake, haiozi: hutulia kwenye tope la ziwa hili la kina kifupi, ambalo watu huchota maji yake kwa matumizi ya nyumbani. Boti ya alumini nayo huliwa na rangi ya shaba. Kwa mbao iliyokauka au faiba, rangi ngumu ya epoksi isiyo na sumu inatosha.

Rangi ya zamani ilowesheni kabla ya kupiga msasa, vumbi lisipeperuke. Vaeni glavu, miwani na barakoa yenye kichujio cha vumbi na mvuke, kitambaa hakitoshi. Msivute sigara karibu. Tandikeni turubai, zoeni maganda yote, myaweke mbali na maji. Mvua isipokatika, fanyeni kazi chini ya paa lililo wazi pembeni, kwani rangi haishiki penye unyevu. Na kopo tupu la rangi lisigeuzwe chombo cha kuchotea maji.

Wavuvi wenzangu, tumeacha nyavu miezi mitatu kwa ajili ya samaki. Tusiwatilie sumu kwa brashi.