Nenda ukavue na wanao Mtera, ila warudi na miguu mikavu

Dodoma. Saa 12 asubuhi ya Jumamosi, gari limeshajaa. Nyuma kuna hema, magodoro mawili, dumu la maji la lita 20, sufuria, jiko la mkaa na mianzi mitatu ya kuvulia ambayo ncha zake zimechomoza dirishani. Watoto wameamka tangu saa 10. Mama anauliza kwa mara ya tatu kama tochi zimechajiwa. Baba anajibu zimechajiwa, ingawa hajaziangalia. Safari ni Mtera.

Familia za namna hii hazikosekani Dodoma ya sasa. Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, na mji ukatangazwa kuwa jiji Aprili 26, 2018, watumishi wengi walitoka Dar es Salaam na mazoea yao ya kupeleka watoto ufukweni Jumapili. Huku hakuna bahari. Kuna mibuyu, milima ya mawe, mashamba ya zabibu na mabwawa. Mwenye gari huelekea Mtera, karibu nusu ya njia ya kwenda Iringa. Asiyetaka kwenda mbali huishia Hombolo, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka mjini.

Kabla ya kuondoka wazazi huulizana kuhusu mamba, na wana haki. Huulizana kuhusu hema na barabara. Swali ambalo halisikiki sana ni hili: mtoto atasimama wapi wakati anavua? Maana kwa afya yake, hatari iliyo karibu zaidi haina meno, wala haimsubiri kwenye kina. Iko pale pembeni, kwenye maji ya vuguvugu yanayomfika kwenye vifundo vya miguu.

Maji yanayorudi nyuma

Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo. Mtoto aliyepelekwa bwawani mwezi wa tano akarudishwa mwezi wa kumi hukuta maji yamehama. Pale alipotupa ndoana pamekuwa majani, kisha tope lililopasuka, kisha tope bichi, na ndipo maji yanaanza.

Mtera, lililojengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, hupimwa kwa mita juu ya usawa wa bahari. Likijaa hufika mita 698.5, na kiwango cha chini cha kuzalisha umeme ni mita 690. Ni tofauti ya mita nane na nusu tu, lakini kwa kuwa bonde lenyewe ni tambarare, mita moja ikipungua ufukwe husogea mbali sana. Waliokuwa watu wazima mwaka 2006 wanakumbuka mgawo wa umeme wa mwaka ule, bwawa lilipokauka kupita kiasi.

Baba akiulizwa na mwanawe maji yamekwenda wapi, jibu rahisi ni mabadiliko ya tabianchi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Joto likiongezeka, maji mengi zaidi huruka hewani, na mvua zinazokuja kwa vishindo vya siku chache hazilishi mito kama zile zinazonyesha kidogo kidogo. Ila Ruaha Mkuu ulianza kukauka baadhi ya sehemu wakati wa kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na miongoni mwa sababu ni maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga huko juu, Usangu.

Mabwawa madogo yana ugonjwa mwingine, nao ni udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1972 ulipima mabwawa ya karibu na Dodoma, yakiwamo Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi, ukakuta yanajazwa na udongo unaosombwa kutoka vilimani kwa kasi ya kuyafupishia maisha. Mwaka uliofuata Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ambao mwaka 1979 ulifikia hatua ya kuondoa mifugo katika maeneo yaliyomomonyoka ya Kondoa. Bibi na babu wa Kondoa wana mengi ya kusimulia kuhusu mwaka huo, na mtoto anayependa hadithi za safari angefurahi kuyasikia.

Bwawa likipungua na kujaa udongo hubaki maji mapana yasiyo na kina, yenye majani na joto. Samaki wakubwa hawapapendi. Konokono hapo ndipo nyumbani kwao.

Konokono, mkojo na saa sita mchana

Kichocho huanza na mtu. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya vimelea huanguliwa na kuingia kwenye aina fulani za konokono wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo huachia maelfu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hivyo huogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na vikiipata hupenya ndani ya dakika chache. Hakuhitajiki kidonda wala kumeza maji. Kusimama tu kunatosha.

Vijidudu hivyo hutoka kwa wingi mchana, jua likiwa kali. Ndiyo saa ambazo mtoto amechoka kungoja samaki, amevua viatu na kuanza kurusharusha maji.

Wapo wanaoamini kwamba bwawa likikauka kabisa, kichocho nacho kimekwisha. Baadhi ya konokono wanaobeba ugonjwa huu hujifukia kwenye tope na kukaa humo miezi, wakisubiri mvua. Mvua ikirudi, nao hurudi. Kwa hiyo dimbwi jipya lililojaa Januari, safi kwa kulitazama, halina cheti cha usalama. Na kwa kuwa mzazi hana namna ya kumpima konokono kwa macho, salama ni kuyachukulia maji yote ya bwawa, mto wa polepole na mfereji wa umwagiliaji kuwa huenda yana kichocho.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa kichocho barani Afrika. Cha kuogopesha ni ukimya wake. Mtoto anaweza kuwashwa ngozi siku ile ile, halafu akakaa wiki nyingi bila dalili. Wengine hupata homa, kikohozi na uchovu baada ya mwezi mmoja au miwili, wakati safari imeshasahaulika. Baadaye huja damu kwenye mkojo, maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, kudumaa na kushindwa kufuatilia masomo. Kikiachwa miaka, kichocho cha mkojo huharibu kibofu na kinaweza kuleta saratani.

Kwa wasichana kuna jambo ambalo familia nyingi hazijawahi kuambiwa. Mayai ya kichocho huweza kukwama kwenye via vya uzazi na kuleta vidonda, kutokwa na damu au uchafu na maumivu. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Binti wa miaka 14 aliyekulia kando ya bwawa anaweza kushukiwa na mama yake, na hata na mhudumu, kwa jambo ambalo hakulifanya. Mama anayejua hili atauliza kwanza kuhusu maji.

Kuvua bila kulowa

Hakuna sababu ya kuwanyima watoto safari. Kuvua kwa ndoana ni mchezo wa kukaa nchi kavu, ukiupanga hivyo tangu mwanzo.

Chagua mahali palipoinuka, penye jiwe au ukingo mgumu, maji yakiwa na kina karibu na ukingo na yasiyo na majani. Mwanzi mrefu na mshipi mrefu humwezesha mtoto kufikia samaki bila kuingia majini. Funga chubwi kidogo ili mshipi uende mbali. Chambo ni nyungunyungu au donge la ugali, na perege hawachagui sana. Mabuti ya mpira yanayofika karibu na goti ni ununuzi bora kuliko mwanzi wa bei kubwa wa dukani. Hema la kifahari linaweza kusubiri mwaka mwingine. Mtu mzima mmoja, mwenye mabuti, ndiye anayesogea kwenye maji kuchota au kunasua ndoana.

Hapo ukingoni mamba nao hawasahauliki. Mtera kuna mamba na viboko. Waulize wavuvi wa Migoli au wa kijiji utakapofikia wapi pasikaribiwe, na uwaamini hata kama maji yanaonekana matulivu. Kwenye mtumbwi kila mtoto avae jaketi okozi linalomtosha. Kama hakuna, mtumbwi usipandwe. Kuhusu leseni na vifaa vinavyoruhusiwa, muulize ofisa uvuvi wa eneo hilo kabla ya kutupa ndoana.

Maji ya kunywa yatoke nyumbani. Ya kuoga, kama dumu halitoshi, yachemshwe. Maji ya bwawa yaliyochotwa na kuachwa kwenye chombo siku mbili hayana tena vijidudu hai vya kichocho, ila nani atasubiri siku mbili akiwa amepiga kambi usiku mmoja? Taulo linalosuguliwa haraka baada ya kulowa linaweza kusaidia kidogo, lakini lisiwe ndilo tegemeo lako. Na mtoto afundishwe kukojoa mbali na maji. Hilo linamlinda mtoto wa mvuvi atakayeoga hapo kesho.

Samaki mwenyewe akipikwa akaiva haambukizi kichocho. Kuleni. Hatari iko kwenye kumparua na kumwosha ukiwa umechutama bwawani. Fanyia kazi hiyo kwenye beseni.

Ndani ya hema

Usiku wa Juni na Julai Dodoma si wa mchezo. Upepo huvuma na baridi huwashangaza waliotoka Pwani. Hapo ndipo hutokea kosa la kuingiza jiko la mkaa ndani ya hema ili watoto wapate joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa wamelala. Hata jiko linaloonekana kufifia bado huitoa. Ongeza blanketi, soksi na kofia, na weka turubai au mkeka chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi hutoka ardhini.

Hema lisimame mbali na maji na mbali na njia za viboko, ambao hutoka usiku kula majani. Dodoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, na hilo lina upande wake mbaya: mtoto aliyekulia mjini hana kinga kubwa, na kando ya bwawa mbu hawajui takwimu za mkoa. Beba chandarua chenye dawa hata kama hema lina wavu, kwa sababu zipu za hema za mtumba zina tabia zake.

Hadithi ya kusimulia kando ya moto

Mtoto asipopata samaki atataka kujua kwa nini. Kuna jibu zuri kutoka Ziwa Tanganyika. Mwaka 2003 jarida la sayansi la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ziwa hilo limepata joto, na maji ya juu yakiwa na joto hayachanganyiki vizuri na yale baridi ya chini yenye virutubisho. Chakula cha majini kikapungua kwa takriban asilimia 20, na watafiti wakakadiria kuwa mavuno ya samaki nayo yamepungua kwa karibu asilimia 30. Ni kama chungu cha mchuzi kisichokorogwa, nyama ikabaki chini. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kwa mtoto wa miaka tisa, kumrudisha majini perege mdogo kuliko kiganja chake ni somo analolielewa bila hotuba.

Mkirudi nyumbani

Andika tarehe ya safari kwenye simu. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache, apimwe malaria haraka, na mhudumu aambiwe kwamba alikuwa bwawani. Asipoambiwa hatajua.

Kama mtoto alilowa, na wengi watalowa tu, dawa ya prazikwanteli ipo na hufanya kazi vizuri, lakini huua minyoo iliyokomaa. Akipewa siku tatu baada ya safari, minyoo michanga hubaki. Ndiyo maana kipimo na tiba hufaa zaidi wiki sita hadi nane baadaye. Kipimo cha dawa hutegemea uzito, na mtoto awe amekula. Siku ya kingatiba shuleni nayo isikwepwe kwa hofu ya kichefuchefu. Uji mzito asubuhi hupunguza tatizo hilo. Walio wadogo kuliko umri wa shule wasiachwe nyuma: tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kingatiba ya kichocho ianze katika umri wa miaka miwili.

Unapompeleka kupimwa mkojo, usimwahishe alfajiri kama mnavyozoea kwa vipimo vingine. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na mtoto akitembea au kucheza kidogo kabla ya kukojoa, huonekana kwa urahisi zaidi. Mwache arukeruke uwanjani pale zahanati, kisha apewe kikopo.