Shahada ya famasi nchi jirani: ada si swali la kwanza

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, vijana wa Tanzania waliosoma tahasusi ya PCB huanza kupiga hesabu za nafasi. Famasi ni miongoni mwa kozi zinazogombaniwa, na si kila mwenye sifa hupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) au katika vyuo vingine vya ndani. Baadhi ya wanaokosa huelekeza macho ng'ambo ya mpaka: Kampala, Mbarara, Ishaka, Nairobi.

Swali la kwanza la wazazi huwa ni ada, na la pili ni jina la chuo. Lile linaloamua kama miaka hiyo ya masomo itazaa kazi huchelewa kuulizwa: je, chombo kinachosajili wafamasia katika nchi ambako mwanafunzi anakusudia kufanya kazi kinaitambua shahada hiyo?

Famasi ni taaluma ya usajili. Mhitimu asiyesajiliwa, hata awe na alama za juu namna gani, hawezi kusimamia famasi wala kutumia cheo cha mfamasia. Nchini Tanzania mamlaka hayo yako mikononi mwa Baraza la Famasi kwa mujibu wa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Kenya ina Bodi ya Famasia na Sumu, inayofanya kazi chini ya sheria iliyoanza kutumika mwaka 1957. Kila chombo kina daftari lake, na jina lililoandikwa katika daftari la nchi moja halihamii lenyewe katika la nchi nyingine.

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Mamlaka za elimu ya juu, kama vile Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) au Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la Uganda, hukitambua chuo kama taasisi ya kutoa shahada. Chombo cha taaluma huangalia jambo jingine: mtaala wa famasi wenyewe, maabara, na idadi ya wahadhiri ambao ni wafamasia. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa huku kozi yake moja ikiwa bado haijakubaliwa na wanataaluma. Nchini Kenya mvutano wa namna hiyo umefika mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya wahitimu wa uhandisi zaidi ya 100 waliokuwa wamenyimwa usajili na bodi ya fani yao. Walikuwa wamesoma katika vyuo vikuu vya umma, si vyuo vya mitaani.

Muda wa masomo nao hutofautiana. Shahada ya famasi huchukua miaka minne Tanzania na Uganda, ambako mwanafunzi huingia chuoni baada ya kidato cha sita. Kenya, ambako mfumo wa 8-4-4 umekuwa ukimpeleka mwanafunzi chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne, huchukua miaka mitano. Kwa Mtanzania ambaye tayari amemaliza kidato cha sita, Nairobi humaanisha mwaka mmoja zaidi wa ada, kodi ya chumba na chakula. Ni gharama ambayo mawakala wa vyuo hawana haraka ya kuitaja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejaribu kulainisha mambo. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambuana vyeti vya elimu na vya taaluma, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu. Hata hivyo, kwa upande wa kazi utekelezaji umekwenda fani moja baada ya nyingine. Wahasibu, wasanifu majengo na wahandisi walikuwa wa kwanza kuwa na mikataba yao. Kutambuliwa kwa shahada kunaweza kumfungulia mhitimu mlango wa shahada ya uzamili. Leseni ya kutoa dawa ni suala jingine.

Ndiyo maana anayerudi nyumbani na shahada ya nje hutarajia hatua zaidi: tathmini ya cheti chake, mitihani ya chombo cha taaluma, na kipindi cha utarajali hospitalini chini ya mfamasia mwandamizi.

Yakishathibitishwa hayo, ubora wa chuo hupimwa vyema zaidi hospitalini kuliko kwenye vipeperushi. Makerere ina Mulago, Chuo Kikuu cha Nairobi kina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kimepakana na hospitali ya rufaa. Mwanafunzi anayepita wodini pamoja na madaktari hujifunza dozi ya mtoto mwenye figo dhaifu kwa namna ambayo kitabu hakiwezi kumfundisha. Anayependa uzalishaji wa dawa ana swali la ziada la kukiuliza chuo: wanafunzi hupelekwa kiwanda gani, na kwa wiki ngapi?

Jina la kozi pia lisomwe kwa makini. Stashahada ya famasi humtoa mtaalamu wa ngazi nyingine, anayesajiliwa kivyake, na baadhi ya vyuo hutoa stashahada na shahada chini ya paa moja.

Kwa Watanzania, TCU hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa wanaokwenda kusoma nje. Cheti hicho huombwa kabla ya safari. Jibu la Baraza la Famasi kuhusu kozi husika nalo ni vyema lipatikane kwa maandishi, kabla ada ya muhula wa kwanza haijalipwa.