Wafanyakazi wa usiku: usingizi wa vidonge una gharama

Kama uko Uingereza na unafanya unesi au kazi za kea, hali hii unaijua. Umetoka shifti ya usiku, mwili umechoka hoi, lakini ukifika kitandani macho makavu. Mwenzako anakwambia, "Meza hiki, utalala kama mtoto." Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwanza elewa kwa nini hulali. Mwanga wa mchana unauambia ubongo kuwa kumekucha, na homoni ya usingizi, melatonini, inapungua. Huo si ugonjwa, ni maumbile.

Diazepamu, temazepamu na zopikloni ni dawa za kuandikiwa na daktari. Kwa kawaida hutolewa kwa wiki chache tu, kwa sababu mwili huzizoea. Leo kimoja, kesho viwili, mwisho hulali bila hivyo. Diazepamu hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo unaweza kuingia kazini ukiwa bado mzito, ukakosea dozi ya mgonjwa au ukasinzia kwenye usukani. Ukichanganya na pombe au kodeini, pumzi inaweza kukatika.

Na jamani, tusidanganyane: kuchukua kidonge kwenye kabati la dawa za wagonjwa ni wizi. Unaweza kufukuzwa kazi, na nesi anaweza kufutwa kwenye rejista. Aliyeko kwa viza ya kazi anajua hilo lina maana gani.

Badala yake, fanya haya:

- Acha kahawa na chai ya rangi nusu ya pili ya shifti.
- Weka pazia zito, zima simu. Waambie ndugu nyumbani saa zako za kulala. Kwao ni mchana, kwako ni usiku.
- Lala saa zilezile kila baada ya shifti.
- Dai haki yako. Kanuni za saa za kazi za mwaka 1998 zinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wa usiku nafasi ya kupimwa afya bure.

Kama umeshavizoea, usiviache ghafla, unaweza kupata degedege. Mwone GP wako, atakupunguzia kidogo kidogo. Usione aibu, mazungumzo yenu ni siri na kwa kawaida hampigii bosi wako simu.

Bili zipo na nyumbani wanasubiri, lakini afya ikiondoka hata hiyo shifti hutaiweza. Tuchungane.