Balbu ya LED haiponyi taa za Land Cruiser ya zamani

"Balbu ipi ya LED ina mwanga mkali zaidi?" Hapa Kolwezi, karibu kila mwenye Land Cruiser ya zamani huanza na swali hilo, na wengi huuliza wakiwa wameshanunua. Pakiti imeandikwa lumeni 20,000, wati 50. Hesabu hiyo peke yake inatosha kukufanya uirudishe dukani. LED nzuri hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja, kwa hiyo wati 50 haziwezi kufika hata nusu ya kilichoandikwa.

Hata namba zingekuwa za kweli, swali lingebaki kuwa baya. Barabara unaiona kutokana na mahali mwanga unapotua. Mwanga mwingi unaotua pasipo pake ni hasara kwako na hatari kwa mwenzako.

Shika balbu ya kawaida ya halojeni, ile H4 ya wati 60/55, uitazame kwa karibu. Ndani kuna nyuzi mbili. Uzi wa mbele, ule wa mwanga wa chini tunaouita kode, umelala juu ya kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho kinazuia mwanga usifike nusu ya chini ya bakuli la taa, na ndicho kinachochora ule mstari wa mwanga na giza unaouona ukisimamisha gari mbele ya ukuta usiku. Uzi wa nyuma, wa mwanga wa mbali, hauna kikombe. Bakuli na mikunjo ya kioo cha taa vilipigiwa hesabu kwa ajili ya uzi mwembamba uliokaa palepale. Ukiusogeza milimita moja, mstari unavurugika.

Sasa chomeka balbu ya LED humo. Mahali pa uzi unaowaka pande zote pana bamba, vipande vya LED vimebandikwa huku na huku, na katikati kuna unene wa bamba lenyewe. Mwanga unaanzia mahali ambapo bakuli halikutengenezewa. Sehemu yake inaruka juu ya mstari, nyingine inamwagika chini, karibu kabisa na bampa. Mmwagiko huo wa karibu ndio unaowadanganya watu. Mita 10 za kwanza zinang'aa, dereva anafurahi, lakini mboni za macho yake zimejifinya kwa sababu ya mng'ao huo, na mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia mita 70 mbele haonekani.

Wengine wanasisitiza kwamba mwanga mweupe wa kibuluu unakata vumbi. Haukati. Kiangazi, malori ya shaba na kobalti yakitimua vumbi kuelekea Fungurume na Likasi, punje za vumbi hilo ni kubwa mno kubagua rangi. Zinarudisha mwanga wowote unaozigonga. Kinachokusaidia ni mwanga kubaki chini ya mstari. Balbu inayorusha mwanga juu inasimamisha ukuta mweupe mbele ya kioo chako, na papo hapo inampofusha dereva wa lori anayekuja upande wa pili. Mimi sizifungi, hata mteja akija nazo mkononi na pesa ya kazi.

Kwa nini basi taa zako ni hafifu? Mara nyingi ni waya. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wote wa taa, amperi 9 hivi, unapita kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba wenye umri wa miaka 30 au 40. Washa injini, washa taa, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya taa. Ukikuta 13.8 kwenye betri na 12.4 kwenye soketi, umepoteza asilimia 10 ya volti, lakini mwanga uliopotea ni karibu asilimia 30, kwa sababu mwanga wa halojeni hushuka kwa kasi kuliko volti. Balbu ya wati 100 haitibu ugonjwa huo. Itayeyusha soketi na kuunguza swichi.

Kuna jambo la pili ambalo hakuna anayeniuliza. Magari mengi yanatufikia kutoka Japani au Uingereza, yakipitia Dar es Salaam na Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa. Huko kote wanaendesha kushoto, na kode ya taa zao imeinuliwa upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Ukivuka mpaka kuja kwetu unaendesha kulia, na mwanga uleule sasa unaelekea machoni mwa anayekuja. Angalia kioo cha taa karibu na alama ya idhini, herufi E ndani ya duara. Mshale mmoja unaoelekea kulia kwako, ukiwa umeitazama taa, maana yake ni taa ya kuendesha kushoto. Isiyo na mshale ni yetu.

La kufanya, basi. Funga rilei mbili, ili umeme wa taa utoke moja kwa moja kwenye betri bila kupita kwenye swichi, fyuzi karibu na betri, waya wa milimita 4 za mraba, soketi za kauri, na ardhi safi kwenye chuma kisicho na rangi. Toyota nyingi za zamani huwasha taa kwa upande wa hasi, hakikisha fundi anajua hilo kabla hajakata waya. Bakuli likiwa limechakaa, au taa ikiwa ya kuendesha kushoto, nunua taa kamili ya duara ya inchi 7 ya H4 yenye alama ya E bila mshale. Ukiitaka LED, chukua taa nzima yenye alama ya E, iliyobuniwa kwa LED tangu mwanzo. Futa vumbi kwenye vioo vya taa kila jioni. Kisha simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake wa kawaida maana magunia ya nyuma huinua pua, na rekebisha mpaka mstari wa kode uwe sentimita 10 chini ya kimo cha katikati ya taa.