Pai ya Mboga na Jibini: Fungu la Watoto Kwanza



Katika familia nyingi zenye ng'ombe, maziwa yakishakamuliwa asubuhi hupelekwa yote kuuzwa. Mayai nayo hukusanywa kikapuni kungojea siku ya gulio. Sehemu ya fedha hizo hurudi nyumbani ikiwa soda na biskuti, na jioni watoto hula ugali na mchuzi wa nyanya. Hatusemi kwamba kuuza ni vibaya, maana mahitaji ya shule, sabuni na matibabu hutoka humo humo. Tunasema tu kwamba haifai mtoto anayechunga ng'ombe na kulisha kuku akonde kwa kukosa maziwa na mayai. Tenga kwanza fungu la watoto, kisha uza linalobaki.

Mwezi huu tunaeleza namna moja ya kulipika fungu hilo, yaani pai ya mboga na jibini. Asili ya chakula hiki ni Ulaya, na Wafaransa wana aina yake waiitayo quiche. Lakini vitu vyake karibu vyote vinapatikana shambani na sokoni kwetu. Tena kinafaa sana Ijumaa za Kwaresima, tunapojinyima nyama, kwa kuwa mayai na maziwa hayakatazwi siku hizo.

Faida yake mwilini

Pai hii ina makundi yote matatu ya chakula. Jibini (wengine huiita chizi) na mayai hujenga mwili, na jibini husaidia pia mifupa na meno. Unga na mafuta hutia nguvu. Mchicha, karoti na nyanya hulinda mwili. Mboga za kijani na karoti huupatia mwili vitamini A, inayolinda macho na kusaidia kupambana na magonjwa. Vitamini hiyo huhitaji mafuta ili ifyonzwe vizuri. Ndiyo maana mboga iliyopikwa kwa mafuta kidogo humfaa mtoto kuliko ile iliyochemshwa kwa maji matupu.

Kwanza kabisa, chemsha maziwa

Wako wanaosema kwamba maziwa yaliyochemshwa hupoteza utamu na nguvu. Ndugu msomaji, maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu kitokacho kwa ng'ombe. Yanaweza pia kuleta bruselosi, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba. Mtu aliyeambukizwa bruselosi hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa za malaria bila nafuu. Mwenye homa ya namna hiyo aende kituo cha afya, na asisahau kueleza kama hunywa maziwa mabichi au alimsaidia ng'ombe aliyetupa mimba.

Jibini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi ina hatari hiyo hiyo. Kumbuka pia kwamba povu kupanda si dalili ya maziwa kuchemka. Punguza moto, koroga, uyaache yatokote kweli kwa dakika chache.

Kutengeneza jibini nyumbani

Chukua lita 2 za maziwa na vijiko 4 hadi 6 vya mezani vya maji ya limau yaliyochujwa. Siki pia yafaa.

1. Chemsha maziwa kama tulivyoeleza, kisha epua.
2. Tia maji ya limau kidogo kidogo huku ukikoroga polepole. Maziwa yatakatika, yaani mabonge meupe yatajitenga na maji ya rangi ya manjano. Yasipokatika, ongeza limau.
3. Acha dakika 10. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichochemshwa.
4. Kamua kitambaa, kifunge na kukining'iniza kwa muda wa saa moja. Utapata jibini laini ya kama robo kilo au zaidi kidogo.

Yale maji usiyamwage. Yana chakula ndani yake, na yanafaa kukandia unga au kupikia uji.

Vitu vinavyohitajika kwa pai

Kwa unga wa chini: vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha siagi au mafuta ya kuganda, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na maji baridi kidogo.

Kwa kujaza: jibini uliyotengeneza, mayai 3, nusu kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, mafungu 2 ya mchicha, karoti 1, kitunguu 1, nyanya 1, kijiko 1 cha mezani cha mafuta, na chumvi kidogo. Badala ya mchicha unaweza kutumia sukuma wiki au majani ya maboga.

Unga wa ngano usiokobolewa ni bora zaidi kwa afya, hata ukiuchanganya nusu kwa nusu na ule mweupe.

Namna ya kupika

1. Changanya unga na chumvi. Tia siagi, uifikiche kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Ongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka ushikane. Usiukande sana kama wa chapati, utakuwa mgumu. Ufunike kwa nusu saa.
2. Osha mboga kabla ya kuzikata, si baada, ili vitamini zisipotee majini. Kaanga kitunguu, tia karoti iliyokunwa, kisha mchicha. Geuza kwa dakika chache hadi maji yake yakauke. Maji yakibaki, pai italowa chini. Epua uache vipoe.
3. Piga mayai pamoja na maziwa na chumvi. Tia jibini iliyovunjwavunjwa na zile mboga, uchanganye.
4. Sukuma unga, uutandaze ndani ya sufuria pana iliyopakwa mafuta, ukiupandisha pembeni. Uchomechome kwa uma, uuoke peke yake kwa dakika 10.
5. Mimina mchanganyiko, panga vipande vya nyanya juu, kisha oka kwa dakika 35 hadi 45. Chomeka kisu katikati. Kikitoka kikavu, pai imeiva. Usiitoe kabla yai halijaiva lote.

Kuoka bila oveni

Wenye oveni watumie moto wa nyuzi 180. Wenye jiko la mkaa waoke kama wanavyooka keki. Tandaza mchanga safi na mkavu ndani ya sufuria kubwa, uipashe moto, kisha weka ndani yake ile sufuria ya pai. Funika kwa mfuniko bapa wa bati. Weka makaa machache chini na mengi zaidi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, unga utaungua kabla mayai hayajashikana.

Tafadhali, jiko liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wameshakufa usingizini kwa sababu ya jiko lililoachwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Kama unga wa ngano ni ghali, ponda viazi vilivyochemshwa, vichanganye na yai moja la ziada na chumvi, uvitandaze mahali pa unga. Hata ukioka mboga, mayai na jibini peke yake katika sufuria iliyopakwa mafuta, utapata chakula kizuri.

Kugawa na kuhifadhi

Pai hii hutoa vipande 6 hadi 8. Mtoto aliyetimiza miezi 6 anaweza kuonjeshwa ile sehemu laini ya ndani, ikiwa imepondwa vizuri na bila chumvi, huku akiendelea kunyonya. Mwenye shinikizo la damu apikiwe kwa chumvi kidogo sana. Mwenye kisukari ale kipande kidogo, kwa sababu ya unga na mafuta, na aongeze mboga pembeni.

Msinywe chai pamoja na chakula hiki. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga za majani, nayo ndiyo yanayosaidia kuongeza damu. Kula chungwa, pera au papai badala yake, kwani matunda hayo husaidia madini hayo kuingia mwilini. Akina mama wajawazito wazingatie sana jambo hili.

Asiye na jokofu ale pai siku ile ile iliyookwa. Jibini laini na mayai huharibika upesi kwenye joto, na kupasha moto chakula kilichokwisha kuharibika hakuondoi sumu zote.

Mwisho

Akina mama wa jumuiya wanaweza kuchangiana, huyu maziwa, huyu mayai, huyu mchicha, wakaoka pamoja mara ya kwanza ili kila mmoja ajifunze. Na akina baba, ninyi ndio mara nyingi mnaoamua maziwa yaende wapi. Lita 2 zikibaki nyumbani mara moja kwa wiki, hesabu ya mauzo itapungua kidogo, lakini watoto watakuwa wamepata haki yao. Tunaposali tukiomba mkate wetu wa kila siku, tusisahau kwamba sehemu ya mkate huo Mungu amekwisha kuiweka zizini na bandani kwetu.